Bima ya Mayai Yasiyo Yangu

Ruiru,
nyuma ya Membley.

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta umeketi nje penye jua, mguu umeunyoosha kama daktari alivyosema, wala si shambani ukijifanya umesahau. Je, uvimbe umepungua? Na ile dawa ya kupaka bado ipo, au umeshawagawia majirani? Mwambie mjukuu wako Wakesho anijibu kwa ukweli, maana wewe ukiulizwa habari ya mguu unajibu habari ya maharagwe. Na kwa kuwa tumeyataja, maharagwe yalifika salama na basi la Voi. Gunia lilikuwa na harufu ya moshi wa jikoni kwako, nikaliacha kando ya kitanda siku mbili kabla ya kulifungua.

Mimi ni mzima. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ilitushinda. Ile Jumapili nilipokuambia kwamba tangi la maji litangoja kidogo kwa kuwa pesa nimelipia bima, uliniuliza, "Nani amekufa?" halafu mtandao ukakatika. Nilipokupata tena tayari ulikuwa umemwita shangazi Saru na mmeanza kulia. Hakuna aliyekufa, Mama. Najua huko kwetu bima tumeizoea ya mazishi na ya hospitali. Hii ni ya duka. Nimejaribu kumweleza kaka Mwadime kwa simu, na kila mara naanza vizuri, kisha mwishoni mimi ndiye ninayemuuliza yeye maswali. Labda nikiandika taratibu tutaelewa pamoja, wewe na mimi. Wakesho akikusomea, asiharakishe.

Unajua kwamba kiwanda cha Thika kilipotupunguza kazini niliungana na Nyambura, yule tuliyekuwa tukifunga maboksi meza moja. Yeye ni mtu wa Gatuanyaga, upande wa ukame, ambako kila boma lina kuku wa kienyeji. Tukanunua mashine mbili za kuangulia mayai, tukakodi duka hapa Ruiru. Watu wanaleta mayai, wengi wao kina mama wa huko kwao Nyambura, na wachache ni wenye nyumba za mtaa wa Membley wanaofuga nyuma ya ua. Tunayaweka kwenye mashine majuma matatu. Stima inayapa joto, mashine inayageuza, na vifaranga wakitoka, mwenyewe anatulipa kwa kila kifaranga aliye hai. Yai likiharibika hatulipwi kitu. Hapo ndipo uzingatie, Mama. Mayai si yetu, hata moja. Sisi tunauza joto tu.

Duka letu liko kwenye safu ya vibanda vya mbao na mabati vya mzee Singh, mzee mmoja wa Kisikh aliyezaliwa hapahapa Thika na ambaye Kikuyu chake kinanishinda mimi niliyekaa huku miaka yote hii. Jirani yetu wa kushoto ni Karis, anauza gesi ya kupikia. Mwezi wa nne mtungi mmoja ulivuja kwake, moto ukashika pazia na kona ya paa. Watu waliuzima kwa mchanga kabla haujatufikia. Hakuna aliyeumia, ila nyusi za Karis ziliungua na mpaka leo uso wake unaonekana kama mtu aliyeshangazwa na kila kitu. Mzee Singh alikuja akasimama akiitazama ile kona nyeusi. Kesho yake alituita wapangaji wote. Alisema hapandishi kodi na hamfukuzi mtu, lakini kila mmoja alete bima ya biashara yake kabla mwezi wa tano haujaisha, na asiyeleta ahame. Hakufoka. Kwa kuwa hakufoka tukajua hatanii.

Basi tukatafuta ajenti. Wa kwanza aliitwa Kamande, kijana anayekaa Membley na mke wake mwalimu. Alikuja kwa miguu, viatu vinang'aa, ameshika simu pana kama trei ya mayai. Akatuuliza ni vitu gani vya thamani tulivyo navyo.

"Mayai," Nyambura akasema.

"Ni yenu?"

"Ya watu."

"Sasa yenu ni nini?"

Nyambura akanitazama. Nikasema ni mashine, na meza, na ile balbu kubwa ya kukagulia mayai. Kamande akaandika. Akauliza ukuta ni wa nini, paa ni la nini, stima inawaka saa ngapi. Nikamwambia stima haizimwi, usiku na mchana. Akaandika. Akauliza jirani anafanya kazi gani, kisha akachungulia kwenye upenyo wa mabati akaiona mitungi ya Karis imepangwa safu tatu. Akagusa kioo cha simu, na kwa macho yangu nikaiona bei ikipanda. Hatukuwa tumegusa kitu, Mama. Tulikuwa tumesimama tu.

Bei aliyotutajia ilikuwa karibu kodi yetu ya miezi miwili, ya kulipwa kila mwaka. Nikamuuliza, je, mwaka ukiisha na hatujaungua, tutarudishiwa kiasi gani?

"Hakuna kitu mtarudishiwa."

"Hata nusu?"

"Hata kidogo. Mkipata bahati, pesa yote inapotea," alisema, na hakucheka. Ni mtu asiyejua kudanganya, na kwa kazi yake sijui kama hilo ni jambo jema.

Alipoondoka nilikwenda kwa Karis nikiwa nimekasirika. Nikamwambia kwamba tunalipishwa kwa ajili ya mitungi yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia ajenti wake naye amempandishia bei kwa sababu jirani yake ana mashine za stima zisizozimwa. Yaani mimi nalipa kwa ajili yake, na yeye analipa kwa ajili yangu. Nilimwuliza kama hatungeweza kusameheana tu, kila mtu abaki na yake. Akasema alishamwuliza ajenti swali hilohilo, na ajenti aliomba maji ya kunywa.

Nyambura akasema twende Thika, huko kuna ofisi nyingi, hatuwezi kununua kwa mtu wa kwanza kama watalii. Tukaenda. Tulimpata mama mmoja mwenye miwani, mpole sana, akatupatia viti na chai, na bei yake ilikuwa nusu ya ile ya Kamande. Nusu, Mama. Duka lilelile, mabati yaleyale, Karis yuleyule. Tulirudi tukiimba. Nyambura alitaka kumpigia Kamande simu amwambie aone aibu. Mimi nikasema tumwite, atueleze ana kwa ana kwa nini alitaka kutuibia.

Alikuja saa ya chai, tukaketi kwenye hoteli ya pembeni, akazisoma karatasi za yule mama wa Thika neno kwa neno huku chai yake ikipoa. Mwishowe akasema yule mama hajatudanganya, ila hatukumwuliza tunanunua nini kwa bei hiyo. Kisha akaichukua chapati yangu akaiweka katikati ya meza.

Akasema, "Hii ndiyo mali yenu. Kwangu mimi hasara ikitokea, kipande hiki kidogo cha kwanza ni chenu kubeba, kampuni inalipa kilichobaki. Kwake, kipande chenu cha kwanza ni hiki." Akaikata karibu nusu. Nilielewa, Mama. Kadiri unavyokubali kubeba sehemu kubwa ya hasara mwenyewe, ndivyo bei inavyoshuka. Lakini hakuishia hapo. Akasema tena kwamba yule mama ameandika mashine zetu kwa thamani ya nusu, ndiyo sababu nyingine bei ikawa ndogo. Nikasema hilo halidhuru, tukiungua nusu watatulipa hiyo nusu. Akatikisa kichwa. Ukisema mali yako ina thamani ya nusu, halafu nusu yake ikaungua, hawakulipi nusu. Wanakulipa nusu ya nusu, kwa sababu ile nusu nyingine ni kama hukuilipia. Alipomaliza chapati yangu ilikuwa vipande vidogo vya kumlishia mtoto, na Nyambura akamuuliza nusu ya nusu ni ipi kati ya hivi, na nani anakula kilichobaki.

Nilijaribu kuishika ile hesabu kichwani. Ilikuwa kama kushika sabuni mtoni. Nikiielewa sehemu ya kwanza, ya pili inateleza.

Mwisho tukaamua kurudi kwa Kamande, si kwa sababu tulielewa, bali kwa sababu alitueleza hata yale yaliyomharibia biashara. Lakini nikamwambia, mali inayoweza kutumaliza si mashine. Mashine ikiungua nitatafuta nyingine. Mayai ya watu ndiyo yanayoninyima usingizi. Ninataka bima ya mayai. Akasema atawauliza wakubwa wake mjini. Wakubwa walikaa karibu juma zima, kisha wakaleta swali badala ya jibu. Waliuliza, yai lililo ndani ya mashine ni bidhaa au ni mnyama? Kama ni bidhaa, bei ni hii. Kama ni mnyama, bei ni ya mifugo, na lazima daktari wa mifugo aje amkague.

Nikajibu kwamba siku ya kwanza ni yai. Siku ya mwisho ni kifaranga. Katikati sijui. Ukiliweka kwenye balbu katikati ya yale majuma matatu unaona moyo unadunda, mdogo kama punje ya mtama. Kamande aliliweka mwenyewe yai moja kwenye mwanga, akautazama ule moyo kwa muda. Akaandika, akatuma. Jibu lilirudi kwamba mayai yasiingizwe kwenye bima, yaachwe kando mpaka watakapoamua.

Kwa hivyo nililipa, Mama, pesa ya tangi lako na nyingine juu yake, kwa bima ya vitu nisivyoviogopea. Mzee Singh akaiona ile karatasi, akafurahi, akanishika mkono. Kwenye karatasi hiyo kulikuwa na sharti moja ambalo Kamande alilisoma kwa sauti mara mbili ili nisije nikasema sikusikia. Ndani ya duka kusiwe na moto wa aina yoyote, wala jiko la makaa, wala gesi, wala mshumaa. Ukiwasha moto na duka likaungua, huna bima.

Halafu ikaja ile asubuhi ya mwezi wa saba. Baridi ya huku unaijua, nilikusimulia, ile ya mawingu yanayokaa chini siku nzima. Transfoma ya mtaa ililia kishindo kimoja na stima ikapotea Ruiru yote ya upande wetu. Mashine zilikuwa zimejaa mayai ya kina mama wa Gatuanyaga, mengine yamebakiza siku chache kuanguliwa. Tulingoja kidogo, kwa sababu mashine ikifungwa vizuri hukaa na joto lake. Tukapiga simu kwa watu wa stima, wakasema wanalishughulikia. Ilipofika adhuhuri nikaona kipimajoto kinashuka.

Nyambura alisema alete jiko la makaa. Karis alikuja mlangoni na mtungi wa gesi umeshafungwa meko, akasema tuuwashe katikati ya duka, joto litajaa upesi. Nikamzuia. Nikampigia Kamande, nikamweleza, nikamwuliza nifanye nini.

Nilimsikia akipekua karatasi. Kisha akasema, "Dada, ukiwasha gesi humo ndani, bima hakuna."

"Na nisipowasha?"

"Mayai hayamo kwenye bima."

"Kwa hivyo nikiwasha niko peke yangu, na nisipowasha niko peke yangu."

Akasema anakuja.

Nilisimama pale mlangoni, Mama, Karis ameshika mtungi upande huu, karatasi ya bima iko kwenye ukuta upande ule, na kwa kweli sikujua. Nilifikiria kodi, nikafikiria mzee Singh alivyonishika mkono, nikafikiria vibanda vya watu wengine kwenye safu ile, mbao tupu. Ndipo nikamwambia Karis apeleke mtungi nje, kule kwenye uwanja wazi nyuma ya choo, awashe huko, na achemshe maji. Moto uwe nje, joto liingie ndani. Akawasha meko tatu, nne. Tukakusanya madumu ya hoteli, ya kinyozi, ya mama wa mboga. Tukajaza maji moto, tukayaingiza kwenye mashine chini ya trei, tukazifunika mashine kwa blanketi langu na koti la Nyambura. Yakipoa, tunatoa, tunaleta mengine. Kamande alifika akitoka Membley na chupa zote za chai za mke wake, nyingine amezikumbatia kifuani, viatu vile vimejaa matope. Hakuzungumza habari za bima. Alivua tai akaanza kubeba madumu.

Tulifanya hivyo mpaka giza likaingia, na tukaendelea. Stima ilirudi kesho yake mchana. Iliporudi ilirudi kwa nguvu kupita kiasi, ikaunguza kifaa cha kupimia joto cha mashine ndogo. Kamande alifurahi kwa ajili yangu, akasema hiyo sasa ndiyo hasara ya bima, akaandika kila kitu, akapiga picha. Fundi alikitengeneza. Kisha majibu yakaja kwamba bei ya fundi ni ndogo kuliko kile kipande cha kwanza cha chapati, kile tulichokubali kubeba wenyewe. Basi hatukupata kitu. Kamande alikuja kuniambia mwenyewe, hakutuma ujumbe.

Mayai mengi yalianguliwa, Mama. Siku ile duka lilipoanza kulia kwa vifaranga nilikaa chini sakafuni. Lakini trei zilizokuwa karibu na mlango wa mashine zilipata baridi kila tulipofungua kubadilisha maji. Na trei moja kati ya hizo ilikuwa ya cucu Wairimu, cucu ndiyo bibi kwa Kikuyu.

Huyu ni bibi wa makamo yako, anaishi peke yake kule Gatuanyaga. Mwaka jana ugonjwa ulimaliza kuku wake wote, boma likabaki kimya. Wenzake wa kanisani walimchangia mayai, huyu mawili, yule matatu, naye akayatunza bila kula hata moja, ili aanze tena. Alikuja siku hiyo na kikapu alichokitandika kitambaa safi. Wenzake walikuwa wameshafika, wanahesabu vifaranga wao kwa sauti. Nilimtoa nje nikamwambia.

"Hakuna hata mmoja?" aliuliza.

"Hakuna, cucu."

Alikitazama kile kikapu. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, "Na ile bima Nyambura alisema mmelipa?"

"Haikuwa ya mayai."

"Ilikuwa ya nini?"

"Ya mashine."

"Mashine ziko sawa?"

"Moja iliungua kidogo, imetengenezwa."

"Wakalipa?"

"Hapana. Walisema hasara ni ndogo."

Nilijisikia ninavyosema, Mama, na nilitamani ardhi inifunike. Yeye hakukasirika. Alikuwa anataka kuelewa tu, kama wewe, kama mimi, na mimi sikuwa na kitu cha kumwelewesha.

Mama mmoja aliyekuwa mlangoni alikuwa amesikia. Akaja, akachukua kifaranga kutoka kwenye boksi lake, akamtia kwenye kikapu cha cucu. Cucu akamtoa, akamrudishia. Mwingine akajaribu, naye akarudishiwa. "Mimi si maskini wa kanisa," cucu alisema. "Walinisaidia mara moja. Mara ya pili ni kuombaomba." Akakunja kile kitambaa, akaanza kuondoka.

Nyambura ndiye aliyemfuata. Alimshika kiwiko akamwambia asikilize kwanza. Alisema, hebu tuseme kila mtu, kila mara vifaranga wake wakitoka salama, anaacha mmoja hapa dukani. Haachii mtu fulani. Anaacha tu. Na yule ambaye mayai yake yataharibika, siku yoyote, awe nani, anachukua hao walioachwa.

"Na mimi?" cucu akauliza.

"Wewe unachukua leo, na trei yako ijayo ikitoka, unaacha wako kama wengine."

Cucu alifikiri. "Kama nitalipa, basi nitachukua," alisema, akakikunjua kitambaa.

Usidhani mambo yaliishia kwa nyimbo. Dakika hiyohiyo mabishano yalianza. Mwenye trei tano aache mmoja sawa na mwenye trei moja? Mtu akiacha jogoo na mwingine akaacha jike, ni haki? Na utajuaje jogoo ni yupi siku ya kwanza? Mmoja akasema wenye mayai machafu huharibikiwa zaidi, kwa nini yeye anayepangusa mayai yake alipie uchafu wa jirani. Nikamkumbuka Karis na mitungi yake. Walibishana mpaka chai ikaletwa. Waliondoka wamekubaliana mmoja kwa kila trei, jogoo au jike ni bahati yako, na kuhusu uchafu bado hawasemezani vizuri.

Nilimsimulia Kamande. Nilidhani atacheka. Akauliza tumefikaje kwenye hesabu ya mmoja kwa trei, kwa nini si wawili. Nikamwambia hatujui, ilionekana ni kiasi ambacho mtu anaweza kuachana nacho bila kuumia. Akaitikia kwa kichwa polepole, akasema si mbaya. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake. "Na siku trei zote zikiharibika pamoja?" Nilimwuliza Nyambura. Nyambura akasema siku hiyo tutalia pamoja. Kamande akasema ndiyo maana kampuni yake inachukua pesa nyingi vile na kutoka kwa watu wengi vile, hata walio mbali wasiojuana. Hapo kidogo kitu kilinifungukia, halafu kikajifunga.

Kwa hivyo, Mama, ukiniuliza tena kwa nini nimelipa, nitakujibu hivi. Nimelipa kwa sababu mwenye nyumba alitaka, na ana haki. Nimelipa kwa sababu siku moto wa Karis ukija kweli sitakuwa na cha kuanzia. Ninalipa kwa ajili ya jirani, na jirani kwa ajili yangu. Ninatumaini kwa moyo wote kwamba pesa hiyo ipotee bure. Na kaka Mwadime akifikiwa na ajenti kwa ajili ya kile kinu chake cha kusaga, mwambie asiulize bei kwanza. Aulize kipande cha kwanza ni kikubwa kiasi gani, na ni nini hakimo. Zaidi ya hayo sijui, na nimewauliza wote ninaowajua.

Tangi litanunuliwa kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, nimeshaanza kuweka. Nisalimie Mwadime na mke wake, na mtoto wao ambaye nasikia ameota meno. Shangazi Saru umwombe radhi kwa machozi aliyoyapoteza. Mjomba Mwandoe mwambie redio yake iko kwa fundi, si kwamba nimeisahau. Wakesho, wewe msomaji wetu, soma kwa bidii, na ukifika hapa umpe bibi yako maji kidogo anywe, amekaa muda mrefu. Nyambura anakusalimu, Mama, anasema siku moja atakuja kuona hiyo milima inayonifanya nilalamike kwamba Ruiru ni tambarare.

Naandikia dukani, kwenye meza ya kukagulia mayai. Juma hili trei zote zimetoka salama, hata ya cucu Wairimu, ambaye safari hii mayai aliyanunua mwenyewe, na kila mtu ameacha mmoja kama tulivyokubaliana. Cucu alikuja mwenyewe na kikapu chake, akachagua aliyechangamka kuliko wote, akamwacha huyo. Hakuna aliyeharibikiwa, kwa hivyo hakuna wa kuwachukua. Wako kwenye boksi hapa miguuni pangu, wanalia. Nikiwauliza kina mama ni wa nani, wanasema ni wa mtu ambaye bado hajapata hasara. Basi kila asubuhi nawapa maji na pumba, nawawekea balbu wasipate baridi, na sijui ninamlishia nani.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Mghoi